Kupiga Lubango

Mgahawani, mgeni aliwasikia vijana wakimcheka mwenzao aliyetoweka: "Kapiga Lubango!"

"Mama, kupiga Lubango ni nini?" alimuuliza mwenye mgahawa.

"Msemo wetu tangu enzi za bibi zetu. Lubango alikuwa mpita njia. Alikunywa chai hapa, ikafika nusu, akatoka na kuacha mlango wazi. Hakuonekana tena."

Mgeni alicheka kidogo. "Mbona hilo ndilo jina langu?"

Vijana wakageuka kumtazama. Mama akachungulia kikombe cha mgeni. Chai ilikuwa nusu.

"Imalize, mwanangu," alinong'ona. "Imalize yote."

Nje, mtu akaita, "Lubango!"

Katika mji ule hakuna aliyemjua mgeni. Akainuka kwenda kutazama.

Chai ilipoa. Mlango ulibaki wazi, na hakuna aliyethubutu kuufunga.