Patron wa Kioo

Wanaume kumi na wawili, watu wazima wenye ndevu zao, walikuwa wamekivulia kioo kofia. Mwape, mpakiaji mwenzao, aliwachungulia dirishani akaona haya kwa niaba yao.

Kioo chenyewe kilikuwa ekran, skrini mpya ya depo ya unga, hapo Lubumbashi. Upande mmoja kilionyesha maandishi, bapa kama karatasi ukutani. Upande wa pili patron Rigobert, bosi wao, alitokeza nje, tumbo mbele, ukadhani utamgonga ukipita. Mwenyewe alikuwa amejifungia nyumbani tangu askari wakimbie na risasi zianze kulia. Tajiri mzima wa kutoka Butembo, mwenye malori, akawa anaamuru watu kwa picha! Picha haikuona wala kusikia, lakini wajinga wale waliiitikia: ndiyo patron, bonjour patron.

Mwape hakuwa mtu wa upuuzi huo. Kila asubuhi alimwuliza Delphine, karani wa mlangoni, neno moja tu, na umeme ukiwepo alijibiwa kwa neno hilohilo. Jana mashine iliharibika, ikamwonyesha patron kuanzia kiunoni kwenda juu, na Mwape akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Leo hakuwa na kicheko. Lori la mwisho la kwenda Kasumbalesa, mpakani, lingeondoka saa sita, na orodha ya watakaopanda ilikuwa humo kwenye kioo. Kwao Kasungami nyumba zilikuwa zinaungua. Mkewe Séphora alikuwa amekaa kando ya barabara na watoto wawili na furushi moja, akingoja jibu.

"Iko?" aliuliza.

"Iko," Delphine alijibu kwa sauti ya chini. "Leo iko muzima."

Kumbe wameitengeneza. Mwape aliingia, akapenya kati ya wenzake, macho kwenye maandishi. Mwape. Séphora. Chadrack. Abigaëlle. Wote wanne wamo! Alitaka kukimbia akamwambie mkewe.

Ila miaka kumi na mmoja ya kubeba magunia na kuitwa mvivu ilimzuia. Alimtazama patron pale mbele ya majina. Leo hata viatu vilionekana, tena wamevitia vumbi, eti vifanane na vya mtu. Ovyo kabisa.

Aliwageukia wenzake. "Bantu bazima, munasalimiaka picha! Miye siogopake picha." Kisha akamsogelea patron, pua kwa pua. "Weye iko muoga. Tumbo ya bule."

Akamtemea mate usoni.

Picha ikatoa kitambaa mfukoni, ikajipangusa shavu, ikageukia kioo, na kwa kidole kimoja ikafuta majina manne.