Orodha ya Wapiga Kelele

Mwalimu Zawena alikuwa akifundisha haki ya raia kuwahoji viongozi wake, mwalimu mkuu alipoingia na fimbo na orodha ya wapiga kelele. Ilikuwa na jina moja tu: Tunu.

"Kaniuliza mbele ya wazazi madawati yamekwenda wapi!" alifoka. "Mchape!"

"Si ndicho ninachowafundisha, mwalimu?"

"Hayo ni ya kujibia mtihani!"

Zawena akaipokea orodha, fimbo akaikataa. Chini ya jina la Tunu akaandika lake, kwa nguvu hata karatasi ikatoboka.

Darasa zima lilitazama kutoka pale sakafuni lilipokaa. Kisha msichana mmoja akainuka, akajipangusa vumbi la sketi.

"Mwalimu, naomba hiyo kalamu."

Nyuma yake, wengine walikuwa wakijipangusa.