Milimita Ishirini na Nne

Nikodemu alipiga ishara ya msalaba, akasali Baba Yetu moja, kisha akachota kikombe cha maji mtungini, akakimimina ndani ya kipima mvua.

Juu ya mlima hakukuwa na wingu hata la dawa. Ulikuwa mwisho wa Septemba, mwaka wa Operesheni Vijiji, na kiangazi kilikuwa kimekausha hata mate mdomoni. Alingoja maji yatulie, akainama, akasoma kipimo kwa makini kama alivyofundishwa alipokabidhiwa kazi ya kupima mvua ya kijiji. Kwenye fomu akaandika: milimita ishirini na nne.

"Leo imenyesha sana," alisema mama yake, Honorata, aliyekuwa ameketi chini ya mibuni yake. "Mbona mimi sijalowa?"

"Mama, mimi siandiki uongo. Fomu inauliza chomboni mna maji kiasi gani. Haiulizi yamefikaje."

"Na Mungu naye anasoma fomu tu?"

Swali hilo Nikodemu alikuwa amemuuliza Mungu mwenyewe asubuhi ile, na jibu lilikuwa halijafika.

Kila Jumamosi Bwana Shamba Feliksi alipanda kutoka Kalinzi, nusu ya njia akiendesha baiskeli na nusu akiisukuma, kuja kuchukua fomu. Fomu zilipelekwa mjini Kigoma. Huko wakubwa walizitazama, wakaamua wapi mvua za milimani zimeanza na wapi bado. Penye ukavu, malori yalikuja, watu wakapakiwa na vyombo vyao, wakashushwa kwenye kijiji kipya bondeni. Penye mvua, barabara ya mlima huwa utelezi mtupu na malori hayapandi, kwa hiyo operesheni ilingoja mwaka ujao. Na kufikia mwaka ujao Mungu angeweza kufanya mengi.

Honorata alikuwa na mibuni mia moja na ishirini, aliyoipanda pamoja na marehemu mumewe. Mume mwenyewe alizikwa katikati ya mistari yake. Bondeni kahawa haioti, na marehemu hapakiwi kwenye lori.

Feliksi alifika akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mwakeye, Ndugu!" alisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Bwana Shamba. Pole na njia."

"Njia gani! Ni unga mtupu." Alijipangusa uso kwa leso, leso ikawa nyekundu, ndipo akaishika fomu. "Ishirini na nne! Na wiki iliyopita kumi na tisa. Mmebarikiwa nyie."

"Tunasali," alisema Nikodemu, na hilo lilikuwa kweli.

"Mjini mnatajwa kila kikao. Mkubwa amechomeka pini ya kijani kwenye ramani yake, hapa kwenu. Milima yote hii, pini ni hiyo moja."

"Pini ya kijani maana yake nini?"

"Mimi nabeba fomu, Ndugu. Pini wanabeba wengine." Akatia saini, akapiga chafya mbili za vumbi, akashuka.

Jumapili baada ya ibada, Mwenyekiti alisoma waraka kutoka mjini. Mwelekeo wa hali ya hewa, ulisema, ni mzuri: milimani mvua zimeanza mapema, zinanyesha za kutosha na zitaendelea. Watu walitazama juu, wakatazamana, kisha wakapiga makofi.

Martini, jirani yao, alikwenda moja kwa moja shambani akapanda maharage yake yote kwenye vumbi.

"Martini, ardhi imekauka," Honorata alimwambia.

"Mama, waraka una muhuri. Macho yangu hayana."

Siku ya nne kanga walikuwa wameyafukua yote. Nikodemu hakulala vizuri. Kulipokucha alimpelekea Martini nusu debe la mbegu zake mwenyewe, wala hakumwambia kwa nini.

Jumamosi iliyofuata mngurumo ulisikika kutoka chini. Martini alitoka nje mbio.

"Radi! Si nilisema? Radi hiyo!"

Yalikuwa malori saba, yanapanda taratibu ndani ya vumbi lao wenyewe.

Honorata alikumbatia mbuni uliokuwa karibu naye, akafumba macho. Nikodemu alitembea kuyaelekea malori. Alikuwa ameazimia kuungama yote: kikombe, mtungi na kila milimita.

"Bwana Shamba," alianza, Feliksi alipoteremka kutoka lori la mbele, "nina neno zito."

"Litangoja! Mwambie mama auachie huo mti." Feliksi alikuwa anacheka. "Hamhami! Kijiji kinachoongoza kwa mvua milima yote kihamishwe kwenda kutafuta nini? Mjini waliogopa utelezi, nikawaambia njia inapitika."

Nikodemu alipiga magoti palepale njiani akamshukuru Mungu kwa sauti. Honorata alipiga vigelegele. Lile neno zito likarudi tumboni lilikotoka.

"Sasa malori ya nini?" aliuliza Martini.

Feliksi aliuangusha ubao wa nyuma wa lori la kwanza. Ndani walibanana wazee, watoto, mbuzi, mikeka na milango iliyong'olewa pamoja na bawaba zake. Malori mengine sita yalikuwa yamejaa vilevile. Bibi mmoja, mwekundu kwa vumbi kuanzia kichwani, alishushwa akamshika Nikodemu mkono.

"Mwanangu, kwetu bondeni mvua imegoma, ndiyo wametuhamishia hapa kwenu," alisema. "Haya, tuonyeshe maji."