Nusu Amemaliza

Simu ilipolia tena, Mwasiti aliikata akaisukumia ndani kabisa ya gunia la viazi. Akaangalia huku na huku kama mwizi, akakuta mama Pascasie, mpishi wa kituo cha wakimbiaji, anamtazama.

"Ni nani huyo, mama?" mpishi akauliza.

"Shemeji yangu. Hana la maana."

Uongo ulitoka laini, na hilo ndilo lililomtisha. Twahiru alikuwa amepiga kusema kwamba baba yao, mzazi wa Jumaine, ameanguka nyumbani Birere mchana ule na hakuinuka tena. Wangemzika kesho baada ya swala ya adhuhuri. Jumaine arudi upesi.

Lakini Jumaine, mume wa Mwasiti, alikuwa juu ya Nyiragongo anakimbia. Mbio zenyewe zilikuwa kilomita mia na sitini, maili mia kwa hesabu ya wageni: mara tano kuupanda mlima mpaka pumzi inapokuwa ya kutafuta, kuzunguka kwenye mawe ya volkano, na kurudi hapa Kibati, ambapo wake na ndugu waliwangoja wakimbiaji na uji, viazi na soksi kavu. Alikuwa kwenye mzunguko wa pili.

Na Jumaine, jamani, alikuwa hodari wa kuanza. Nyumba aliijenga kuta, bati likamshinda. Udereva alijifunza kwenda mbele, akaacha kabla hajafundishwa kurudi nyuma. Mbio hizi alikwisha kuziacha mara mbili, mwaka juzi kwa ajili ya goti, mwaka jana kwa ajili ya mvua. Birere nzima ilimwita Nusu, na mzee wake ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwasiti naye, aliyeolewa na jina lake zuri, sokoni sasa aliitwa "bibi ya Nusu".

Akimwambia, ataacha. Nani angemlaumu? Lakini atakuwa ameacha, na mwakani atapata sababu nyingine.

"Nitamwambia akimaliza," Mwasiti alijiambia, na moyo ukamsuta palepale, kwa kuwa alijua hakuwa akimfikiria Jumaine peke yake.

Jumaine alishuka wakati wa magharibi, macho mekundu. Moshi wa mlima, akasema mama Pascasie. Akatawadha, akaswali, akabaki ameinua mikono muda mrefu hata Mwasiti akadhani amesinzia.

"Mama Ramla," aliuliza mwishowe, akimwita kwa jina la binti yao, "nyumbani hakuna habari?"

"Hakuna. Wote wazima. Kula."

Hakula. Alikaa akimtazama, kisha akawasha taa ya kichwani akaondoka. Mwasiti akaenda nyuma ya hema, akajiziba mdomo kwa kitenge, akalia.

Alfajiri Jumaine alirudi akitetemeka, midomo imepasuka kwa baridi. Mwasiti alipomvua viatu, kucha mbili zilibaki ndani ya soksi.

"Unafikiri muzee ananicheka kwa ubaya?" Jumaine akauliza.

"Hapana. Alikuwa anakupenda sana."

Mwasiti akalisikia lile "alikuwa" lilivyomtoka. Lakini Jumaine aliinamia viatu vyake tu, akavivaa pole pole, akaupanda mlima mara ya nne. Afadhali hakusikia, Mwasiti akawaza, na kule kushukuru kwake kukamtia aibu.

Jua lilipokwisha kupanda, simu ililia. Safari hii akaipokea. Twahiru alikuwa akilia waziwazi.

"Shemeji, muzee ameshaoshwa. Tuko tunamungoja yeye tu. Mulete na pikipiki."

"Iko juu ya mulima," Mwasiti akasema. "Hakuna rezo kule, simu haifike."

Aliyasema hayo huku akimwona Jumaine akishuka mteremko wa mwisho, karibu kiasi cha kumwita. Pikipiki zilikuwa zimejipanga kando ya barabara. Nusu saa ingetosha kumfikisha makaburini.

Jumaine akaketi kwenye benchi. Hakuomba maji wala chakula.

"Mama Ramla, niambie kitu."

"Nikuambie nini, papa? Umebakiza mumoja tu."

Akangoja. Mwasiti akapiga magoti, akajifanya anafunga kamba za viatu zilizokwisha kufungwa.

"Basi," Jumaine akasema, akamshika bega, akasimama.

Adhuhuri, alipokuwa tena mlimani, walimzika baba yake. Mama Pascasie alikuwa ameyasikia yote ya kwenye simu. Tangu hapo alimpa Mwasiti mgongo.

Jioni Jumaine alivuka utepe akichechemea, mwili umeegemea upande mmoja. Vijana wa pikipiki walipiga honi. "Nusu amemaliza! Nusu amemaliza!" Mtu akamvika medali shingoni, mwingine akampiga picha. Mwasiti akawapenya watu wote, akaanguka miguuni pake.

"Papa Ramla, unisamehe. Muzee amefariki. Tangu jana. Leo wamemuzika, na mimi nilikuficha."

Jumaine hakulia. Aliivua ile medali, akainama kwa shida, akamvika Mwasiti.

"Kule juu wakimbiaji wa Birere walinipa pole ya muzee, kwa muzunguko wa pili," akasema. "Kila nilipofika hapa, nilikuwa nangoja wewe useme, ili niache mbio."