Kilo Ishirini

Mzunguko wa tisa, na gari bado lilikuwa hai.

Ondieki alisimama kando ya uwanja mdogo wa ndege wa Homa Bay, saa mkononi, midomo imemkauka. Tangu Januari ya 1996, gari lake la umeme lilikuwa likimwaibisha pale pale uwanjani. Lilijua kuondoka, hilo halina ubishi. Magari ya petroli yalibaki kula vumbi lake. Lakini likishikilia kilomita tisini kwa saa kwa dakika kadhaa, nyaya zilipata moto, betri zikaishiwa nguvu, likasimama mbele ya watu kama punda aliyegoma. Watu wa Homa Bay hawana huruma. Walilibatiza Bubu, kwa kuwa halikuwa na mngurumo.

Kwa ajili ya Bubu, Ondieki aliacha kazi ya ufundi kwenye kiwanda cha sukari, Awendo. Mkewe aliwachukua watoto akarudi kwao, akasema atarejea siku wazimu utakapokwisha. Sasa Suhail, muuza vipuri wa pale mjini, alikuwa ametoa neno: likimaliza mizunguko kumi bila kusimama, angelipeleka kwenye maonyesho Nairobi na kumfungulia Ondieki karakana. Likifa tena, basi.

Dereva alikuwa Nashon, mdogo wake wa tumbo moja.

"Kaza huu mkanda, umelegea," Nashon alikuwa amemwambia kabla ya kuondoka.

Ondieki aliuvuta, akamgombeza kwa sababu ya koti zito alilovaa. Nashon akasema anasikia baridi. Baridi, Homa Bay, saa sita mchana! Kisha akakohoa. Ondieki alilaani mvuke wa asidi ya betri, akaenda zake kusimama kando ya uwanja.

Mzunguko wa kumi. Bubu lilipita kimya kimya, halijapunguza mwendo hata kidogo.

Suhail alirusha kofia juu. "Wallahi, hii gari imeokoka! Fundi, umeifanya nini?"

"Ni uzito tu," Ondieki alisema. "Januari ilikuwa kilo mia sita ikiwa tupu. Na Nashon ndani, mia sita na sabini. Nikatoa viti vya nyuma, nikatoa milango. Nikaongeza feni za chuma, na nyaya nene za shaba zisishike moto. Lakini naisikia, imekuwa nyepesi. Kila mwezi inazidi kuwa nyepesi."

"Watu wa maonyesho watataka karatasi ya uzito."

"Awendo tutaipata."

Walilipakia kwenye pikapu ya Suhail. Njia nzima Nashon alilala, kichwa kikigonga kioo, na kaka yake akamwacha apumzike. Alikuwa amefanya kazi ya kiume.

Kwenye mizani ya miwa ya kiwanda, Mellen, karani aliyefanya kazi na Ondieki miaka sita, alifungua kitabu chake. Nashon akaliendesha gari hadi katikati ya bamba la mizani.

"Mia sita na hamsini," Mellen alisoma.

"Kilo ishirini!" Ondieki alipiga kelele mpaka madereva wa matrekta wakageuka. "Si nilikwambia? Kilo ishirini!"

Suhail alimkumbatia. Ondieki alikuwa karibu kulia. Wiki hii hii angemfuata mkewe, amwambie wazimu umezaa matunda.

"Haya, dereva ashuke," Mellen alisema, macho yangali kitabuni.

"Ya nini? Tumeshamaliza."

"Hapa tunapima mara mbili, Ondieki, na wewe wajua. Na mzigo, halafu bila mzigo. Hata trela ya mkurugenzi ni hivyo. Siandiki karatasi nusu."

"Nimechoka, Ondieki," Nashon alisema kutoka ndani ya gari. "Twende tu nyumbani."

"Dakika moja tu. Shuka."

Nashon alishuka polepole, ameshika paa, akasogea nje ya bamba. Mshale wa mizani uliyumba, ukatulia.

"Mia sita," Mellen alisema.

"Haiwezekani. Pima tena."

Alipima tena. Alifunua kurasa hadi Januari, akaweka kidole kwenye mstari.

"Mia sita wakati ule, mia sita leo. Gari lako halijapungua hata kilo moja."

Kisha akainua macho, akamtazama Nashon ndani ya koti lake zito.