Mtihani wa Kodi

Katikati ya kilio cha msiba, Pamba alimnong'oneza mama yake: "Kubwa." Mama yake akamfinya paja mpaka naye akatoa sauti inayofaa msibani.

Si kwamba alikosa adabu. Alikuwa anafanya mazoezi. Chuoni kwao wanafunzi wa muziki walitakiwa kusikiliza noti zikipigwa kwa pamoja kwenye kinanda cha umeme, yaani kodi, na kusema papo hapo ni ya aina gani. Kubwa, iliyochangamka kama mtu aliyetoka kuoga. Ndogo, iliyonyong'onyea kama mtu aliyetoka kuoga akakuta hakuna taulo. Iliyobanwa, kama kiatu cha kuazima. Na iliyotanuliwa, ambayo hakuna aliyejua inafanana na nini, ila inakuacha umekaa mkao wa kungoja. Pamba alijipima kila mahali: kwa honi za magari, kwa mlango usiotiwa mafuta, kwa wafiwa wanaolia pamoja. Zote alizisikia kubwa. Ndiyo sababu wenzake walimwita Pamba. Walidai ndiyo iliyomjaa masikioni.

Mama yake, fundi cherehani, hakuwa na habari hizo. Yeye aliwaambia majirani kwamba binti yake anasomea kodi, na tangu siku hiyo mwenye duka la pembeni alikuwa akimpa risiti hata kwa kiberiti.

Mwalimu wa somo hilo alikuwa mzee mwembamba, tai yake imenyooka kuliko mwanafunzi yeyote. Walimwita Mtoza Kodi, kwa kuwa hakujua msamaha. Darasani kwake kila mtu aligeukia ukuta, asije akaiba jibu kwa kutazama vidole vya mwalimu. Majibu nayo yalitolewa kimya kimya: kidole kimoja juu kwa kodi kubwa, viwili kwa ndogo, vitatu kwa iliyobanwa, vinne kwa iliyotanuliwa. Sauti huambukiza, alisema. Mmoja akikosea kwa sauti, darasa zima linaugua. Ukiwa na swali, umgeukie, umtazame usoni, na usitafune maneno.

Wanafunzi waliona ni kiburi cha uzee. Hata hivyo walimheshimu kwa jambo moja. Siku moja mwanafunzi mmoja mpiga gitaa alimfuata nyuma ukumbini akiiga mwendo wake na kikohozi chake, huku akimwita Mtoza Kodi kwa sauti ya mnadi. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Mzee hakugeuza hata shingo. Ukubwa jalala, walisema, na mpiga gitaa akabaki na aibu yake.

Pamba alikuwa ameanguka mtihani huo mara mbili. Akianguka tena, chuo kingemuaga. Usingizi ulimpaa, na mama yake, akidhani ni hesabu za kodi zinazomtesa, alimfariji kwamba asijiumize roho, hata serikali yenyewe hukosea.

Siku ya mtihani waliingia mmoja mmoja. Aliyemtangulia alitoka anatabasamu, kisha Mtoza Kodi akaenda kunywa chai. Aliporudi, Pamba aliitwa. Alimwamkia, akaitikiwa, akaenda kusimama akiukabili ukuta, mkono juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.

Nyuma yake kiti kililalamika. Vidole viligonga vibao, tap.

"Ya kwanza," alisema mzee.

Pamba hakusikia kitu. Alimsikia mfagizi akiburuta ndoo nje, akalisikia tumbo lake mwenyewe, lakini kodi hakuisikia. Alijua woga hufunga koo. Hakujua kwamba hufunga na masikio. Akainua kidole kimoja, kwa mazoea.

"Ya pili."

Kimya. Akainua viwili, kwa kubahatisha. Ya tatu akainua vitatu, kwa kuwa ndivyo vilivyofuata. Kalamu ilikwaruza karatasi, na hakuweza kujua kama imeandika pata au kosa.

Ilipotajwa ya nne, machozi yalikuwa yamefika kingoni. Alimfikiria mama yake, ambaye alikwishakata kitambaa cha gauni la mahafali. Akaona ni afadhali aondoke chuoni kwa kusema kweli kuliko kubaki kwa kupiga ramli.

"Shikamoo tena, Mwalimu," alisema, bado ameutazama ukuta. "Mimi sisikii kitu. Nadhani masikio yangu yamekufa. Naomba unisamehe."

"Ya tano," alisema mzee.

Pamba akarudia, kwa sauti iliyomfanya hata mfagizi aache kuburuta ndoo.

"Ya sita."

Hapo hasira ikamkausha machozi. Mtu anaweza kukunyima maksi, lakini hata pole? Mtu mzima unamlilia, naye anakuhesabia! Pamba akafuta pua kwa kiganja, akageuka, jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kulifanya katikati ya mtihani.

Taa ya kinanda ilikuwa inawaka. Spika yake ilikuwa chini ya dirisha, waya wake umelala sakafuni kama kambale aliyekata roho, na kwenye soketi yake kulikuwa na simu ya mtu inachajiwa. Mtoza Kodi alikuwa amefumba macho, vidole vimekandamiza vibao, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza mvua inayokuja kutoka mbali. Akafumbua macho, akamkuta Pamba anamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane akatabasamu.

"Hiyo hata wewe umeisikia," alisema. "Tamu, siyo?"