Ufito wa Kupimia

Kaburi la Anosisye lilikuwa limefika kiunoni wachimbaji watatu walipotoka shimoni wakaketi juu ya udongo.

"Shemeji, dumu letu la gongo liko wapi?" aliuliza Sekwao. "Mila ni mila. Bila dumu hatuchimbi."

Tusekile, mjane wa Anosisye, alikuwa amechoka hata kukasirika. Gongo ndiyo iliyomuua mumewe. Mwaka jana wachimbaji walikuwa sita. Watatu wamekwisha kuzikwa, kwa gongo hiyo hiyo.

"Nimewaletea uji."

"Uji? Kwani tumelazwa wodini?"

Wakacheka. Tusekile akaokota ufito uliotumika kupimia urefu wa maiti, akausimamisha ubavuni mwa Sekwao.

"Simama wima, shemeji."

Ufito ulimfika utosini sawasawa. Sekwao akapokea kikombe cha uji kwa mikono miwili. Akaunywa wote, akashuka tena shimoni.